Mshono wa Mkanda wa Baba Yako

Nassoro mwanangu,

Najua ungali na hasira nami. Jumanne uliniwekea mkanda mezani, na pete zake za chuma, na roli ya uzi wa nta aliyokupa nahodha wako Mama Inge, ukasema, "Mama, nishonee huu, ndio utakaonishika nisianguke baharini." Mimi nikakujibu macho yangu hayaoni. Ukanitazama weee, kisha ukasema, "Magodoro ya boti umeshona. Chandarua cha jua umeshona. Tanga kubwa umelitia viraka mpaka Mama Inge akakukumbatia. Mkanda wangu tu ndio macho hayaoni? Sema tu hutaki niende." Ukauchukua mkanda wako ukatoka, na mlango ukaubamiza hata chupa ya mafuta ya cherehani ikaanguka.

Macho yangu yanaona. Nilikudanganya. Na kwenda nataka uende. Boti ile umeitengeneza kwa mikono yako miezi saba, nani mwingine wa kusafiri nayo kama si wewe? Kesho saa nne, maji yakijaa, mtang'oa nanga: Tanga, Unguja, Ngazija, mpaka kisiwa kikubwa cha Bukini. Sitakushika shati.

Sasa hivi umekwenda kujaza madumu ya maji botini, nami nimefunga duka na alasiri nimeswali. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, uisome leo leo. Sitakuandikia habari za kula, wala za kujifunika kifua, wala za kuswali kwa wakati. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Nina jambo moja tu. Nataka uondoke ukijua baba yako alikufa vipi, na kwa kosa la nani. Kuna jina umelelewa nalo, unalichukia. Mwenye kosa si huyo. Na nikishakwambia ni nani, huenda usitake tena kuniita mama. Ndiyo maana maandishi yangu leo yamekaa upande, usinicheke.

Ulikuwa na miaka minane. Mdachi mmoja alinunua boti kuukuu ya matanga iliyokuwa imelala kwenye matope ya Gazi, kaa wamezaana ndani yake. Akamtafuta baba yako Bakari na mdogo wake, ami yako Omari, wamfufulie. Kazi yenyewe unaijua, huna haja nikueleze: kubandua rangi mpaka mbao ionekane, kung'oa kilichooza, kuziba nyufa kwa pamba, kubadilisha waya za mlingoti moja moja. Baba yako alikuwa na wasiwasi wa kazi, Mungu amrehemu. Alikuwa akigonga kila ubao kwa mpini wa nyundo, anatega sikio. Ubao aliougonga asubuhi, jioni ataugonga tena. Ami yako alikuwa akimtania, "Kaka, huo si umeukata wewe mwenyewe jana?" Naye anamjibu, "Ndiyo maana naugonga." Mtu yule hakuuamini hata mkono wake mwenyewe. Mimi aliniamini.

Kazi ya kushona ilikuwa yangu. Mwishoni kabisa, boti imeshapakwa rangi na inang'aa, Mdachi akaniletea mikanda mitatu ya kujifungia: wake, wa baba yako na wa ami yako. Akanieleza kwa Kiswahili chake kibovu kwamba ncha ya mkanda hukunjwa, ikapita kwenye pete ya chuma, ikarudi, ikashonwa juu ya mkanda wenyewe. Pale kwenye mshono ndipo mtu anaponing'inia bahari ikimvuta. Akanipa roli ya uzi mnene wa nta, akasema, "Uzi huu tu. Na mishono mirefu, mama, si midogo." Akanipimia kwa ukucha. Nikaitikia ndio, ndio, na moyoni nasema, lo, huyu mwanamume leo atanifundisha mimi kushona!

Mimi nilikuwa fundi wa magauni ya harusi, Nassoro. Umenikuta nashona sare za shule na mapazia, hukunijua enzi zangu. Walikuwa wakinijia kutoka Ukunda, kutoka Kikoneni, hata kutoka Likoni. Sifa yangu ilikuwa mshono mdogo. Wanawake walikuwa wakiligeuza gauni ndani nje, watafute uzi umepita wapi, wasiuone. Nilivimba kichwa kwa hilo, sikufichi.

Basi nikaanza na mkanda wa Mdachi. Uzi ule ulikuwa mnene, na mkanda mgumu, sindano ikavunjika. Nikatia nyingine, nikaumaliza, nikamaliza na wa ami yako, nayo ikavunjika. Sindano nene nilikuwa nazo mbili tu. Nyingine ni mpaka mtu avuke kivuko aende Mombasa. Na hapo juu ya meza lipo gauni la bibi harusi, linatakiwa Ijumaa, mama mtu ameshatuma watu mara tatu kuulizia. Umebaki mkanda wa baba yako. Nikafungua sanduku la nyuzi. Mlikuwa na uzi wa buluu wa magauni, rangi ile ile ya mkanda na ya uzi wa nta, hujui huu wala ule. Nikasema, nitapiga mistari mingi, midogo midogo, iliyobanana. Nikapiga mistari minane. Wallahi, ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga maishani mwangu.

Leo najua nisilolijua siku ile. Uzi wa gauni huliwa na jua la baharini, na chumvi inamalizia. Na mishono midogo ikibanana huutoboa mkanda tobo kwa tobo, ukakaa kama ukingo wa stempu, ukivutwa unachanika palepale. Kwenye gauni mshono ule ni sifa. Lakini kutojua ningejisamehe. Fundi hukosea, hata baba yako aliwahi kukata ubao mfupi akautupa akacheka.

Shida ni kwamba baba yako aliuliza. Alikuja kuichukua mikanda, akaushika wake, akaupitisha kidole gumba juu ya mshono. Akasema, "Mama Nassoro, huu ndio ule uzi wa nta?"

Nikamwambia, "Ndio huo huo."

Sikuinua hata uso. Nilikuwa natia shanga kwenye gauni. Akauvuta kwa mikono miwili, ukashika. Akacheka, akasema, "Basi wangu umependeza kuliko wa tajiri," akautia begani akatoka. Kama angeugonga na kuutegea sikio kama ubao, nadhani angejua. Lakini ilikuwa kazi ya mkewe.

Safari mbili walikwenda wakarudi salama, Unguja na Pemba. Ya tatu, walipovuka Wasini, upepo ukawakamata. Tanga la mbele likakwama juu, halishuki. Baba yako akajifunga mkanda wake, akaenda mbele kulitoa. Ami yako ndiye aliyekuwa karibu naye. Wimbi likapanda, baba yako akateleza, mkanda ukamshika. Ukamshika kweli, Nassoro, kidogo. Ami yako akawa anatambaa kumfikia, akamwona amening'inia ubavuni mwa boti, anamtazama. Halafu mshono ukafumuka. Walizunguka pale mchana kutwa, na wavuvi wa Wasini na Shimoni wakatoka kuwasaidia, siku mbili. Hakuonekana. Tulimswalia bila jeneza.

Siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa wanawake, ami yako akaniita mlango wa uani, akanieleza alichokiona. Alikuwa amekunja kitu ndani ya kikoi. Kilikuwa kipande cha mkanda kilichobaki kwenye boti, na nyuzi nyembamba za buluu zimesimama pale palipofumuka. Mkanda wake mwenyewe ulikuwa na uzi mnene wa nta, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anajua. Nikafungua mdomo nimwambie, akaniwahi. "Shemeji, kichome hiki. Mimi sikuona kitu. Mtoto huyu amebaki na mzazi mmoja." Akageuka, akaenda kukaa na wanaume barazani.

Na huko barazani wakamuuliza, ilikuwaje? Akawaambia alikuwa amemshika kaka yake mkono, ukamponyoka. Hakusema zaidi ya hilo, wakajazia wenyewe. Wakasema alimwachia. Wakasema aliogopa kuvutwa yeye. Wengine, astaghfirullahi, wakasema alikuwa na jicho na kazi ya kaka yake. Yule Mdachi alikuwa kwenye usukani nyuma, hakuona, akauza boti akaenda kwao. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda, nayasikia yote kupitia dirishani. Miezi minne na siku kumi nikayasikia, na sikutoa neno. Bibi yako mzaa baba alikufa hajampa mwanawe huyo mkono. Ami yako akachukua jembe lake akahamia Kikoneni, akalima mihogo, mtu aliyezaliwa na maji ya chumvi. Mpaka leo hajakanyaga boti.

Kichome, aliniambia. Sikukichoma. Sikukuonyesha wala sikukichoma, nilikaa nacho tu.

Nikwambie ubaya wangu wenyewe, kwa sababu huu ndio nisiopenda kuusema. Unakumbuka siku ile pale Kona ya Musa, una miaka kumi na minne, tumebeba kapu la vitambaa? Ami yako alikuwa anauza mihogo kando ya barabara. Akasimama, akafuta mikono kwenye nguo, akaita, "Nassoro! Lo, umekuwa mrefu!" Wewe ukamtazama, ukatema mate chini, ukapita. Watu wote wakaona. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikakutana naye macho. Ningekushika sikio nikurudishe, kama mama yeyote angefanya mtoto akimkosea adabu mdogo wa babaye. Nikapita na mimi. Na moyoni mwangu, Nassoro, nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba ni yeye. Ukija kutaka kunichukia, nichukie kwa siku hiyo kuliko kwa ule uzi.

Wewe hunitania kwamba nimekuwa mama wa kuonyesha. Mteja akileta hata kaptura ya kutia kiraka, lazima nimwekee roli ya uzi mkononi kwanza, auone, auvute, aseme ndio. Wanacheka, wananiambia, "Mama Nassoro, sisi tunakuamini." Nawaambia, msiniamini, vuteni. Sasa umejua.

Na baba yako hajaniondokea. Usidhani nimerukwa na akili. Wenzangu hutokewa na marehemu wao ndotoni, wakaamka wakasoma dua. Wangu hunijia mchana kweupe, nipo kwenye cherehani, mguu unakwenda. Namsikia nyuma ya bega, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaka jibu aende zake kazini: "Mama Nassoro, huu ndio ule uzi wa nta?" Hajawahi kunikemea wala kulia. Anauliza tu. Nikigeuka ni ukuta na kalenda. Na hana kaburi, mwanangu, kwamba ningekwenda nikakaa pale nikamwambia. Yupo hapa dukani na swali lake.

Mlipoileta boti ya Mama Inge hapa ufukweni, mkaisimamisha kwenye magogo, alizidi. Waya zile mpya za mlingoti zikipigwa na upepo zinalia, na nilikuwa nazisikia mpaka hapa. Ulinilalamikia kwamba nafungua redio mpaka majirani hawalali mchana. Ndiyo sababu. Na nilikuwa nakuona kwa mbali umechutama chini ya boti, umegeuza nyundo, unagonga ubao kwa mpini, umeinamisha kichwa vilevile. Nani alikufundisha? Ulikuwa mdogo, nilidhani umesahau. Nilikuwa naweka kitambaa chini natoka uani kulia.

Jumanne ulipotoka na kubamiza mlango, nilibaki nimekaa. Akaja. Akauliza kama kawaida yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kumjibu mara ya pili. Jumanne nikamjibu, kwa sauti, "Sio huo, Bakari. Ni wa magauni. Nilikudanganya." Kumbe Mama Zuhura jirani amesimama mlangoni na kitambaa chake nilichomshonea, akasema, "Hata mimi nilishangaa, mbona mwembamba." Nikacheka mpaka nikaogopa, kisha nikalia, naye masikini hakujua afanye nini, akaenda akaniletea maji.

Ule mkanda wako. Nimejua uliupeleka kwa fundi viatu pale Kona ya Musa. Jumatano nilikwenda. Nilimkuta ameushona kwa mkono, kwa uzi wa Mama Inge, mishono mirefu, lakini mistari miwili tu. Nikamwambia afumue. Akaniuliza mimi ni nani katika mambo yake, nikamwambia mimi ni mama wa mtu atakayening'inia hapo. Akashona upya mbele yangu, mistari minne na msalaba katikati, nikahesabu kila tobo. Kisha nikaufunga kwenye mwarubaini nje ya kibanda chake, nikajifunga mimi, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaujua. Watu wakakusanyika kumtazama mama mzima akijitupa chini kama mtoto. Ulishika. Nikajitupa tena mara sita. Hata hivyo, kila baada ya siku kadhaa ukague mshono juani, uuvute. Akikuambia mtu kitu kiko sawa, awe nahodha, awe rafiki yako, awe mwanamke utakayemwoa, mpende, na uuvute.

Alhamisi nikapanda Kikoneni.

Nilimkuta ami yako amekaa chini anamenya mihogo. Nywele zimekuwa nyeupe zote, ungedhani ni kaka mkubwa wa baba yako. Nikamwambia, "Shemeji, nitamwambia mtoto." Hakuuliza nini. Akaendelea kumenya, akasema, "Miaka yote hii? Mwache aende na moyo mweupe."

"Moyo mweupe gani, na anapita mbele yako kama anapita jiwe?"

"Mimi nimezoea."

"Mimi sijazoea," nikamwambia.

Kuku wake wanazunguka miguuni, anawarushia maganda. Kisha akasema lile neno lililomfanya anyamaze tangu siku ile. "Ukimwambia, mtoto atabaki na nani?"

Nikamwambia, "Atabaki na wewe."

Akainamisha kichwa, Nassoro. Sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia hivyo, hata kwenye matanga hakulia. Alilia na kisu mkononi. Nami sikumwambia pole, ningempaje pole mimi? Nilikaa nikammenyea mihogo iliyobaki, tukamaliza gunia zima.

Sikuandikii unisamehe. Hilo ni lako, na lina wakati wake, au halina. Ukitaka kuniuliza lolote leo, nipo, na nitakujibu kila swali. Ukitaka kulala botini usinione, Mama Inge hatakukatalia, na mimi sitakufuata. Nimekuosha, nimekulisha, nimekupenda kila siku moja ya maisha yako, na kila siku hiyo nilikuibia ami yako. Yote mawili ni kweli, sijui namna ya kuyatenganisha.

Kesho asubuhi atashuka kutoka Kikoneni kuja kukuaga. Nilimwomba mimi. Alikataa mara mbili, akasema utamwaibisha mbele ya watu wa pwani, na ya tatu akakubali. Atakuwa amevaa kanzu, namjua, atasimama kule nyuma kabisa ya watu asikusumbue. Mimi nitakuwa mbele, karibu na maji.

Mimi ukinipita bila kuniaga, nitastahimili. Yeye usimpite.

Mamako,
Mwanasha